Marahaba ya Padre Mwaro

Jumatatu, asubuhi. Magarini, nyumbani kwa wazazi. Mvua ya rasharasha tangu alfajiri.

Shajara yangu, leo nimeamka na moyo mwepesi na sauti iliyokauka kwa vigelegele vya jana. Naandika haya kwenye simu, kwa ukurasa wangu wa mtandaoni, nimekaa barazani, leso nimejitanda mabegani kwa baridi. Pale palipokuwa na hema nyasi zimelala. Sufuria za wali zimerundikwa jikoni, hazijaoshwa, na mimi ndiye nitakayeziosha, kwa sababu dada wa padre bado ni dada tu.

Mdogo wangu ni padre.

Nimelisema neno hilo tangu juzi, kimoyomoyo na kwa sauti, na bado halijakaa sawa mdomoni. Huyu Mwaro nilimbeba mgongoni mimi, nikiwa mtoto mwenyewe, akanikojolea gauni langu la pekee la kwendea kanisani. Sasa askofu amemwekea mikono, na Mwaro huyo huyo akiinua mkate sisi sote tunapiga magoti. Anaweza kuniondolea dhambi pia. Hapo nakuungamia wewe, shajara, kwamba kwake siendi. Nitatafuta padre mgeni, hata kama ni kufunga duka langu la ushonaji pale Matsangoni na kusafiri kutwa nzima, kuliko kumweleza Mwaro niliyoyafanya.

Tuanze na Jumamosi, Malindi, kwenye upadirisho.

Walilala kifudifudi sakafuni, yeye na wenzake, nasi tukaimba litania ya watakatifu wote. Watu walikuwa wakifuta machozi. Mimi nilikuwa nikitazama soli za viatu vyake. Kile kibandiko cha duka chenye namba ya kiatu kilikuwa bado kimeganda chini ya kiatu cha kushoto, na watakatifu wote walipita kwa majina yao huku mimi nikiwaza nitakibandua vipi. Ndivyo nilivyo. Mungu alinijua kabla hajaniumba, atanivumilia.

Kisha askofu akamwekea mikono kichwani. Nilitarajia maneno makubwa, lakini hapakuwa na neno. Askofu aliweka viganja, akanyamaza, akaviondoa. Baada yake wakapita mapadre wote waliokuwepo, mmoja mmoja, vijana na wazee, wengine mikono inatetemeka kwa umri, kila mmoja akamgusa Mwaro kichwani na kwenda zake. Nikawaza kwamba askofu huyu naye aliguswa, na aliyemgusa naye aliguswa, kurudi nyuma hivyo hivyo hadi kwa wale waliokaa mezani na Bwana mwenyewe. Hakuna aliyejigusa kichwa chake. Hapo nikasahau kibandiko, nikalia kama wenzangu.

Babangu hakuwepo.

Ni lazima nieleze, maana wanaosoma hapa si Wagiriama wote. Kwetu mwana wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba. Babangu ni Kahindi, mwana wa Mwaro. Mwanawe wa kiume, wa kwanza na wa pekee, akamwita Mwaro. Na Mwaro akioa, mwana wake wa kwanza ataitwa nani? Kahindi. Hivyo ndivyo mtu anavyorudi. Babake alikwisha rudi, alimshika mikononi mwenyewe siku ya arubaini, mtoto alipopewa jina. Yeye naye alikuwa akingoja zamu yake.

Padre wetu haoi.

Siku Mwaro alipotangaza anakwenda seminari, babangu hakupiga kelele. Aliuliza swali moja tu, tena kwa upole: "Na mimi nitazaliwa na nani?" Mamangu, ambaye ni mwanakanisa tangu utoto, alimwambia Mungu ana njia zake. Babangu hajabatizwa, wala hapendi kuambiwa Mungu ana njia zake na mtu ambaye hajaonyeshwa njia hizo. Alisema mwacha mila ni mtumwa, akaliacha jambo hilo hapo kwa miaka yote ya masomo. Mwaro akija likizo walizungumza habari za mananasi na mvua.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba mchezo wao ulikufa. Kwa kuwa Mwaro ana jina la babu, babangu tangu zamani alimwita "baba", kama ambavyo mimi mwenye jina la mamake huniita "mayo", yaani mama. Si utani, ni heshima. Shangazi zetu walikuwa wakija hapa wanauliza kwanza kama Mwaro amekula, naye Mwaro wakati huo hana hata suruali. Babangu akitoka shambani na nanasi la kwanza la msimu, humpelekea mtoto, humwambia, "Baba, nimekuletea." Naye mtoto, uso mkavu kama chifu, hujibu, "Ahsante, mwanangu." Tulikuwa tukicheka hadi mbavu ziume. Baada ya seminari sikuusikia tena mchezo ule. Babangu akawa anamwita "wewe".

Sasa njoo kwenye kosa lenyewe.

Baada ya Misa ya upadirisho, uani, watu walipanga foleni kumsalimu. Wanakanisa watu wazima walisema Tumsifu Yesu Kristo, naye akaitikia. Watoto wa shule walimwamkia, shikamoo Padre, shikamoo Padre, naye akawa anajibu marahaba, marahaba, huku akitia sahihi vikadi vya kumbukumbu bila kuinua kichwa. Mamangu alikuwa nyuma ya watoto. Wiki nzima alikuwa akijifunza maneno yake jikoni, "Tumsifu Yesu Kristo, Padre," akiyaambia mwiko na kinu. Alipofika mbele ya mwanawe na kumwona na kanzu ile nyeupe, maneno yote yakamtoroka. Akasema, "Shikamoo, Padre."

Mwaro akasema, "Marahaba."

Afadhali kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Shikamoo hutoka kwa mdogo kwenda kwa mkubwa, na anayeitikia marahaba amekubali kwamba yeye ndiye mkubwa. Mwana kumwitikia marahaba mamake mzazi ni jambo ambalo Pwani nzima halijapata mahali pa kukaa. Mwaro alipoinua macho na kuona ni nani, kalamu ilimponyoka. Mamangu alicheka tu. Alimshika mikono yote miwili, akaigeuza, akanusa viganja vilivyopakwa mafuta matakatifu ya krisma, akasema vinanukia. Kwake yeye yalikwisha pale pale.

Lakini simu zina miguu mirefu. Hatujafika hata nusu ya njia ya kurudi, habari ilikuwa imekwisha mfikia babangu, tena na chumvi yake. Tulimkuta amekaa hapa nilipokaa mimi sasa. Hakumpa Mwaro mkono. Aliniambia mimi, kana kwamba mwenyewe hayupo: "Mamake amemwamkia, naye ameitikia. Basi mkubwa wa mji huu ni yeye. Mimi kesho nakwenda kanisani kufanya nini, mayo? Kumwamkia?"

Jana ndiyo ilikuwa Misa yake ya kwanza, hapa kwetu, parokia iliyomlea. Kila padre mpya huwapa wazazi wake baraka ya kwanza kabla ya watu wengine wote. Viti viwili vilikuwa vimewekwa mbele tangu Jumamosi, vimefunikwa leso mpya.

Alfajiri nilikuwa nikikanda unga wa mahamri niliposikia mlango wa Mwaro. Alitoka pekupeku. Babangu alikuwa hapo uani akinoa panga. Mwaro alipiga magoti mchangani, akamshika miguu kwa mikono yake, ile shikamoo yenyewe ambayo sisi wengine tunaisema kwa mdomo tu. Akasema, "Shikamoo, baba."

Babangu alitazama juu ya kichwa chake, upande wa shamba. Akaichomoa miguu polepole, mmoja kisha wa pili, akaenda zake na panga.

Shikamoo isiyoitikiwa nimewahi kuisikia mara chache maishani, na kila mara palikuwa na msiba nyuma yake. Nilifuta unga mikononi nikatoka. Mwaro alikuwa bado amepiga magoti. Nilitaka kumwambia neno la dada mkubwa, nikamwambia upuuzi: kwamba sasa ana mamlaka kutoka kwa askofu, hahitaji marahaba ya mtu. Alinitazama akanihurumia.

"Dada, mamlaka si yangu," akasema. "Nimepewa jina la mwingine nilibebe. Na aliyenifundisha kubeba jina la mwingine ni huyu aliyeondoka sasa hivi. Nitasimamaje altareni bila radhi yake?"

Nilimpa maji akanawa mchanga magotini. Kile kibandiko cha kiatu nilikibandua wakati akioga, angalau hilo niliweza.

Misa ilianza. Kiti kimoja mbele kilikuwa kitupu. Mamangu alikaa kando yake, mgongo umenyooka, akishikilia ile leso ya kiti kitupu kama mtu anayeizuia isipeperuke. Mwaro aliimba sala za mwanzo kwa sauti iliyopasuka. Watu walidhani ni furaha.

Ilipofika wakati wa mageuzo, padre anapotamka maneno ya Bwana juu ya mkate, nikamsikia akisema "mwili wangu". Maneno hayo nimeyasikia tangu utotoni kutoka kwa mapadre wageni, wala sikuyajali. Jana nilishtuka. Hakusema mwili wake Yule. Alisema wangu. Huyu Mwaro, ambaye mwili wake naujua hadi kovu la goti alilopata kwa kukimbizwa na mbuzi. Ilinichukua muda kuelewa kwamba hakuwa akisema kwa kinywa chake. Kinywa alikikodisha tu. Nikakumbuka shangazi wakimwinamia mtoto asiye na suruali. Hawakuwa wazimu wale shangazi. Walijua ni mtoto, na walijua kamasi ni zake, lakini jina lilikuwa la mtu mwingine na heshima ilikwenda kwa mwenye jina. Mtoto mwenyewe kazi yake ilikuwa kutolichafua.

Sina elimu ya dini zaidi ya katekisimu ya kipaimara. Lakini nadhani upadre nimeuelewa jana, nimekaa kwenye benchi la tatu, kwa msaada wa shangazi ambao wawili kati yao hawajawahi kuingia kanisani.

Baada ya komunyo, paroko wetu alitangaza baraka ya kwanza. Mamangu alikwenda, akapiga magoti, Mwaro akamwekea mikono. Safari hii hakuna aliyemwamkia mwenzake. Paroko akatazama kiti kitupu, akatazama mlangoni, akaanza kuwaita wajomba.

Ndipo nikasikia watu wa nyuma wakisogea.

Babangu alikuwa akija katikati ya kanisa. Amevaa shati lake jeupe na kikoi, na miguu ina udongo hadi vifundoni. Mikononi alikuwa na nanasi moja, kubwa, lenye rangi ya kuiva, na kichwa chake cha majani kizima. Kumbe alikuwa shambani muda wote ule akitafuta. Baadaye mamangu aliniambia kwamba kwa msimu huu mananasi yalikuwa bado kidogo kuiva, na huenda alipita safu zote hadi akalipata lililotangulia wenzake.

Alipofika mbele alisimama. Hakupiga magoti. Mimi nilikuwa nimejiziba mdomo kwa leso. Mtu na mwanawe walitazamana. Kisha babangu akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, ile ya uani kwetu:

"Baba, ni mino, ni mimi Kahindi. Nimekuletea."

Kina mama waliokuwa karibu nami waliguna. Walidhani mzee amekubali kumwita padre "Baba" kama wanavyofanya wao. Hawakujua. Katika kanisa lile zima, yeye peke yake ndiye ambaye neno hilo halikuwa geni kwake. Sisi tulikuwa tukijifunza juzi. Yeye amemwita baba tangu siku ya arubaini.

Aliinama kuliweka nanasi miguuni pa Mwaro. Na alipokwisha inama, hakuinuka. Akabaki hapo, magoti chini, kichwa mbele.

Mwaro aliweka mikono yote miwili juu ya mvi za babangu, kimya, vile vile alivyowekewa yeye Malindi. Nilidhani ndiyo imekwisha. Halafu nikamsikia akisema, na uso aliulazimisha kuwa mkavu ingawa machozi yalikuwa yakidondoka juu ya stola shingoni mwake:

"Ahsante, mwanangu."

Shajara, nililia kwa sauti. Sioni haya. Mamangu alipiga kigelegele kimoja tu, kirefu, na kanisa likapasuka.

Babangu alipoinuka, Mwaro ndiye aliyepiga magoti, na joho lake jipya la Misa, ile kasula, mbele ya paroko na watu. Akashika ile miguu yenye udongo. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu," babangu akasema. "Radhi unayo. Simama, watu wanangoja wali."

Kwa hiyo sasa sijui nani mkubwa wa mji huu, na sidhani kuna mwenye haja ya kujua. Mmoja alimbariki mwenzake kwa jina alilopewa, na mwenzake akambariki kwa jina alilompa. Paroko, ambaye hapitwi na nafasi, alimfuata babangu kwenye hema na kumuuliza kama sasa yuko tayari kwa ubatizo. Babangu alimwambia asimharakishe, kwanza ale. Paroko akala, na babangu akala kando yake, na nikawaona wakicheka jambo ambalo sikulisikia.

Nanasi lenyewe nilipewa mimi nilikate. Tulikula kila mtu kipande chembamba, Mwaro akiwagawia watu kwa mkono wake, na utamu wake ulikuwa na ukakasi kidogo kwa kuwa lilivunwa mapema. Nilipotaka kulitupia mbuzi lile fungu la majani ya juu, babangu alininyang'anya mkononi, akaenda nalo ndani.

Nashukuru. Nashukuru kwa mamangu ambaye hakuona kosa palipokuwa na kosa. Nashukuru kwa askofu aliyenyamaza. Nashukuru kwamba Mwaro ni padre na bado anashika miguu. Hata zile sufuria nitaziosha kwa furaha, au karibu na hapo. Swali ninalobaki nalo ni moja tu: akiamka sasa hivi na kutoka nje kutafuta chai, nimwite Padre au nimwite Mwaro? Nadhani nitamwita Padre mbele ya wageni, na wageni wakiondoka nitamtuma maji.

Mvua imekuwa nyembamba. Babangu yuko uani, ameinama karibu na ukuta wa chumba cha Mwaro, na jembe dogo. Amelitoa lile fungu la majani la nanasi la jana, ameling'oa majani ya chini, anachimba. Kwa wasiolima: nanasi hatulipandi kwa mbegu. Hupandwa machipukizi yake, au hicho kichwa cha majani, na likishika linazaa kama mamaye. Mashamba yote ya hapa yalijaa hivyo.

Mamangu ametoka na kikombe, amemwuliza kwa nini anajilowesha na mvua, kwani anafanya nini hapo.

"Nampanda Kahindi," amesema, na anaendelea kushindilia udongo kwa mikono.